Pumzi Juu ya Kioo

"Mama Célestine, unasinzia ao unasali?" Eugène, mpimaji wa damu, alicheka bila kuinua jicho kwenye darubini. "Ile kioo moja utaifuta mpaka Noeli!"

"Niko nafuta, papa."

Miaka tisa sasa, tangu mto ulipomchukua mumewe kwenye mitego ya samaki ya Wagenia, wavuvi wa maporomoko, Célestine aliosha vioo vya kupimia damu katika kituo hiki kidogo cha afya. Damu ikikauka juu ya kioo hushika kama ukoko wa sufuria. Hivyo aliloweka, akasugua, mwishoni akapuliza pumzi. Kioo safi hufunikwa na ukungu sawasawa. Chenye damu ya mgonjwa wa jana huonyesha duara.

Jumatatu hakupuliza. Kengele ya novena, sala ya siku tisa, ilikuwa imelia, naye ndiye anayeongoza rozari. Alipangusa vioo, akavirudisha kisandukuni, akakimbia.

Jumanne hapo kituoni wakampima Emilie, binti wa jirani yake Chimène. Malaria, wakasema.

Jumatano Célestine alipuliza vioo vilivyobaki kisandukuni. Vitatu vilikuwa na duara. Akavisugua. Jioni alimwombea Emilie rozari nzima, na hakumwambia mtu neno.

Leo Alhamisi, Célestine alipotoka kumwaga maji, Chimène alikuwa kwenye benchi la nje, mtoto amelegea mapajani mwake.

"Homa haishuke, mama. Dawa ya malaria anameza, anatapika. Sasa ni tumbo. Unisaidie kusali. Weye, Mungu anakusikiaka."

Célestine akaingia ndani, mikono ingali na povu.

"Papa Eugène, upime Emilie tena."

"Tena?" Eugène alicheka. "Juu ya nini?"

"Vioo vya Jumatatu sikuvisugua bien, na sikupuliza juu yake kuona kama duara ya damu imebaki. Ile malaria inaweza kuwa ya mutu mwingine."

Kicheko cha Eugène kilikatika. "Ulijua tangu lini?"

"Jana."

"Jana, mama? Na mutoto anaungua!" Akasukuma kiti. "Bon. Leta kioo."

Célestine alichagua kimoja, akakisugua, akakisuuza, akakifuta kwa kitambaa cha pamba. Alipokiinua kwenye mwanga wa dirisha, alimwona Chimène mlangoni, Emilie begani. Alikuwa amesikia yote.

Chimène alikuja polepole, akakitoa kile kioo katikati ya vidole vya Célestine, akakileta karibu na mdomo wake mwenyewe, akapuliza. Kisha akasimama akiutazama ule ukungu, akitafuta duara.