Matanga ya Ezéchiel

Denise alikuwa ameshaishika kalamu pale Bi Nomsa, afisa wa ustawi wa jamii, alipoifunika karatasi kwa kiganja.

"Muulize kama anajua posho inakatika," alimwambia Jemimah kwa Kiingereza.

Jemimah, Mkenya anayefanya kazi benki kule Sandton, mtaa wa matajiri, aliyeomba ruhusa ya nusu siku aje kutafsiri, akamgeukia Denise. "Mama Orpha, ukimuasili mtoto, ile pesa ya kila mwezi inaisha. Wanamlipa mlezi. Mama halipwi."

Denise alicheka, akidhani ni mzaha wa Kikenya. Hakuna aliyecheka naye.

Kwa miaka minne, tangu rafiki yake Thérèse amfie mikononi huko kwenye mabanda ya Diepsloot, Denise alimlea Orpha, mtoto wa marehemu, kwa amri ya korti inayoandikwa upya kila baada ya miaka miwili. Ya mwisho ilikuwa imekwisha wiki iliyopita. Posho ile ndiyo iliyokuwa nauli ya hospitali, maziwa, blanketi la pili wakati wa baridi. Mtoto ana selimundu. Baridi ikimwingia mifupani hulia mpaka sauti ikauke. Cherehani ya Denise ililipa kodi ya kibanda, basi. Bi Nomsa alitaja ruzuku ya watoto wa maskini: haifiki nusu ya posho, na kuiomba ni foleni nyingine, miezi mingine.

"Na sheria ya kuwasaidia wanaoasili?" Jemimah aliuliza.

"Inazungumzwa. Tangu nianze kazi inazungumzwa."

"Basi nibaki mlezi," Denise alisema. "Waniite wanavyotaka. Wanipe ile amri tena."

Bi Nomsa alifungua faili, akawaonyesha. *Baba: yu hai. Bukavu.* Mwandiko ulikuwa wa Denise mwenyewe. Mtoto wa kulelewa mwenye baba hai hurudishwa kwa baba, alisema. Ndiyo kazi ya ofisi hii. Barua ya kumtafuta ilishakwenda Kongo, na akikosekana yeye watatafutwa ndugu zake. Njia ya kumzuia Orpha asiondoke ilikuwa moja tu: Denise aape kwamba baba alifariki, kisha amuasili mtoto. Bila posho.

Jemimah aliinama sikioni kwa Denise. "Kwani ulijua amekufa?"

"Kila mtu alijua. Mtumbwi ulizama ziwani Kivu, waliopona wakasimulia. Maiti haikuonekana."

"Sasa mbona ukaandika yu hai? Ai, Mama Orpha!"

"Matanga hayakukaliwa, dada. Nani angelala chini? Thérèse alikuwa mgonjwa kitandani, mimi huku ugenini. Mtu ambaye hajaliliwa, nimwandike marehemu? Ningekuwa nimemuua mimi, kwa kalamu."

Jemimah alitafsiri. Bi Nomsa alivua miwani, akaibana pua yake kwa vidole.

"Mtoto ana miaka kumi. Kisheria naye lazima akubali, tena ajue anachokubali. Mtamwambia nyinyi au nimwambie mimi?"

Orpha alikuwa kwenye benchi la korido, kofia ya sweta kichwani, daftari la hesabu magotini. Kiswahili anakisikia vizuri, ila hujibu kwa Kiingereza cha shuleni. Kila siku yake ya kuzaliwa Denise alimwambia Papa anatafuta nauli.

Denise alichuchumaa mbele yake. "Orpha, Papa Ezéchiel hayuko."

"Hayuko wapi?"

"Hayuko kabisa. Alikufa ziwani, wewe una miaka mitano."

"Ulisema anatafuta nauli."

"Nilisema."

Mtoto akasimama, daftari mkononi. "Mlimlilia lini?"

"Hatukumlilia."

Denise akavua kilemba. Akavua viatu. Akaketi kwenye vigae vya baridi, miguu ameinyoosha, akapiga ukunga uliofanya milango ya korido nzima ifunguke. Aliliita jina la Ezéchiel, akaliita la Thérèse, akapiga sakafu kwa viganja viwili. Mlinzi alikuja mbio.

"Mama, hapa hairuhusiwi!"

"Mwache, kaka," Jemimah alisema. "Amefiwa."

"Lini?"

"Leo." Naye akaikusanya sketi yake ya kazini, akaketi chini.

Orpha alibaki amesimama. Alimpiga Denise begani kwa daftari, mara ya kwanza, mara ya pili, kwa nguvu. "Muongo! Muongo wewe!" Halafu akaangukia mapajani mwake.

Walirudi ofisini macho yamevimba, na Bi Nomsa akamweleza mtoto maana ya kuasiliwa, na kwamba posho imekwisha. Denise alitia sahihi ya kiapo, kisha ile ya kuasili. Orpha aliandika jina lake kwa herufi kubwa, akisita mahali pa ukoo. Alipomaliza aliuliza, "Alhamisi tunaenda hospitali kwa nauli gani?"

Bi Nomsa alijishughulisha na stapla.

"Alhamisi nitawapeleka na gari langu," Jemimah alisema haraka.

"Na ile inayofuata?"

Denise alijifunga kilemba polepole, akamwekea mtoto kofia sawa, akaifunga kamba chini ya kidevu. Fundo lilimshinda, akalianza upya.