Juma la Losaline

Zamu ilimfikia Losaline akiwa amechoka uchovu ule wa mtu kusinzia huku anamenya magimbi. Chama chao cha kusuka mikeka kina wanawake sita, na kila mmoja ana juma lake. Jumatatu hadi Ijumaa mikono yote ni yako, wanakuja kwako, na mkeka unaotoka ni wako. Losaline alishaachia juma lake mara mbili, mara ya kwanza mwenzao Sulieti alipofiwa, mara ya pili kwa kuombwa tu, na yeye kukataa hajui.

Safari hii mkeka ulikuwa wa arusi ya binti wa wifi yake Melenaite, naye Melenaite ni mmoja wa hao sita. Na dada wa mume hapa kisiwani Vava'u si mtu wa kuchezea. Akikohoa tu, umeshasimama. Majani ya mkadi ya kusukia yalikuwa yamekaushwa na kuviringishwa, yanangoja.

Lakini kulikuwa na mguu. Sukari ilimla kidole kimoja mwaka juzi, na sasa cha pili kilikuwa kimetoboka kwa chini. Nesi alimwambia alale juma zima, mguu juu ya mto, asikanyage ila kwenda msalani. Losaline alicheka. Alale, nani amfanyie kazi? Mumewe, Inoke, yuko Australia anachuma matunda hadi Desemba. Kuna watoto wanne wa shule, na mama mkwe kitandani mwaka wa tatu sasa, wa kuoshwa, kulishwa na kugeuzwa. Nesi hakucheka. Akamwambia achague, juma moja nyumbani au mwezi hospitali, na huko kidole hakitarudi naye.

Jumatatu wanawake wakafika, wakaacha ndala mlangoni. Fatai, ambaye mdomo wake haujui likizo, akauliza mbona mwenye nyumba hajachemsha hata chai, au siku hizi amekuwa malkia. Losaline alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Juma hili ni langu," akasema. "Mikono yenu ni yangu. Sitaki mkeka."

"Unataka nini, basi?" Melenaite akauliza.

"Nataka kulala. Fatai apike. Sulieti ashike watoto. Hao wengine wafue, waende na shambani. Nawe, wifi yangu, nakuomba ukae na mama."

Hakuna aliyecheka. Melenaite alitazama majani, kisha akamtazama yeye.

"Kwa hiyo arusi ya mwanangu utakuja mikono mitupu? Mbele ya watu?"

"Nitakuja mikono mitupu, wifi. Mkinisema, nitasikia."

Basi Melenaite akaanza. Kaka yake alioa uvivu, wazee walisuka na homa mwilini, aibu hii itafika mpaka kisiwa kikuu, Tongatapu. Yote hayo Losaline alikuwa amekwisha kujiambia mwenyewe usiku uliopita, tena kwa maneno makali zaidi. Machozi yakamtoka, si ya majuto, ni uchovu tu. Aliinama akafungua bandeji, harufu ikawafikia wote pale walipoketi. Sulieti akaziba mdomo. Melenaite akanyamaza katikati ya neno, akasimama, akaenda chumbani kwa mama yake.

Losaline akajilaza. Ukuta ni wa mbao nyembamba, kila kitu kinasikika. Alisikia beseni likiwekwa upande wa miguuni, kitambaa kikikamuliwa. Ameanza na miguu, akawaza, na mama hapendi, huanziwa mgongoni. Akajiinua kwa kiwiko. Mwili ulikwisha kuzoea kukimbia.

Ndipo sauti ya bibi kizee ikaja, dhaifu. "Losaline, mwanangu, maji ya moto mno."

Losaline alingoja wifi yake aseme, mimi si Losaline, mama, mimi ni binti yako wa kumzaa. Tangu Krismasi binti huyo hakuwa amekanyaga chumba kile, japo nyumba yake iko pale ng'ambo ya kanisa.

"Samahani, mama," Melenaite akasema. "Nitaongeza ya baridi."

Kisha akasikika akivuta kamasi. Losaline alitaka kumwonea huruma, akatafuta nguvu za huruma, hakuzipata. Akapandisha mguu juu ya mto, akalala mpaka saa tisa alasiri.