Mzee Aliyezungumza na Ukuta

Nancy alikuwa amejipanga vizuri. Angeingia gerezani na rafiki zake wawili wanaohubiri humo, akae nyuma kabisa, kanga imefunika hadi nyusi, na ibada ikiisha amtume mmoja wao, Odilia, kwa baba mkwe wake na swali moja tu: je, ananiruhusu niseme?

Cha kusema kilikuwa hiki. Aliyemkata panga jirani yao Nsajigwa kule Bujonde, kwa ugomvi wa mpaka wa shamba la kokoa, hakuwa mzee Anyisile. Alikuwa Lusungu, mwanawe, mume wa Nancy. Nsajigwa alipigwa kwa nyuma, hakumwona mtu. Mzee alimpokonya mwanawe lile panga, akaenda nalo mwenyewe ofisi ya kijiji, na sasa anatumikia kifungo ambacho huenda asikimalize akiwa hai. Nancy aliyaona yote akiwa kwenye mlango wa jikoni. Tangu hapo chakula hakimshuki, na mume analala fofofo ubavuni pake.

Kwa nini asimwulize mzee mwenyewe? Kwa sababu ni mkwewe. Wanyakyusa wengi wa leo wameiacha ukutila, ile adabu ya mke kutokutana uso kwa uso na baba wa mumewe, lakini ukoo huu haujaacha kitu. Miaka yote ya ndoa Nancy hajawahi kumwamkia mzee. Akimwona njiani huingia mpungani, hata kama ni matope matupu.

Odilia na mumewe Gelasius, afisa kilimo, ni watu wa Bukoba waliohamishiwa Kyela kikazi. Wema wao hauna breki. Ukimwambia Odilia kichwa kinauma, atakuletea dawa, uji na watu wa kukuombea.

Basi geti likafungwa nyuma yao, simu zikabaki kwa askari, Gelasius akahubiri, wafungwa wakaimba vizuri hadi Nancy akaogopa kulia. Kisha, kabla hajafungua kinywa kumtuma mtu, Odilia alimshika mkono, akamvuta katikati ya safu za sare za rangi ya chungwa.

"Nimemwona! Twende ukamsalimie baba yako."

"Hapana, dada. Niache. Kwetu haifai."

"Acha aibu, mama. Humu ndani wote ni ndugu."

Watu wakapisha njia. Nancy alimwona mzee Anyisile kwa pembe ya jicho: amekonda, shingo imebaki mishipa. Alijifunika kanga uso mzima, akapiga magoti palepale. Mzee naye aliruka kama aliyekanyaga moto, akageuka, akabandika paji la uso ukutani. Wafungwa Wanyakyusa wakainamisha vichwa kwa fedheha, wakasogea mbali. Nancy alitamani ardhi imfunike, lakini mkono wa Odilia ulikuwa begani mwake, mzito, wenye upendo, haumwachii.

Ndipo mzee alipoanza kusema na ukuta, kwa Kinyakyusa.

"Wewe ukuta, ndaga, asante kwa kunitunza. Mwambie mke wa mwanangu najua aliona, na najua kilichomleta. Mwambie asiseme."

Odilia alifumba macho. Hakijui Kinyakyusa; alidhani ni maombi.

"Wajukuu wangu bado wadogo," mzee aliendelea. "Mimi nimezeeka, hata nyumbani ningekuwa nasubiri kufa tu. Akisema, nitaapa mbele ya hakimu kwamba ni mwongo, anataka kumfunga mumewe apate shamba. Wataniamini mimi."

Nancy alihisi hasira ambayo hakuitegemea. Alikuja kuomba kutua mzigo, na huyu mzee anamfungia mzigo kwa kamba.

"Tata," alisema chini ya kanga, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita baba. "Mimi siwezi. Nalala naye kitanda kimoja."

Mabega ya mzee yakatikisika. Alipojibu, sauti ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Ukuta, mwambie nami silali. Lakini kati yetu wawili, mmoja lazima akae naye."

Filimbi ikalia. Odilia akasema, "Amina!" na kumwinua Nancy. "Maombi marefu hayo! Umebarikiwa."

"Ndiyo, dada," alisema Nancy.

Askari alifungua geti, akawahesabu, akawatoa. Jua la nje lilikuwa kali. Ng'ambo ya barabara Lusungu alikuwa ameegesha pikipiki. Odilia alikuwa amempigia asubuhi, kwa wema wake uleule, aje wamwone baba pamoja. Lusungu alikuwa hajavuka barabara.

"Mzee anasemaje?" aliuliza, macho yapo kwenye tangi la mafuta.

Nancy alishusha kanga usoni. "Anasema niishi na wewe."

Lusungu alishusha pumzi, uso ukamchangamka kama wa mtoto. "Mzee ana moyo," alisema, akawasha pikipiki. Gelasius na Odilia walipunga mikono. Nancy akapanda nyuma, akamshika mumewe kiunoni.