Kichupa cha Saba

Vichupa saba vilikuwa mezani. Sita vilikuwa na maji yaliyokamuliwa kwenye kuvu wanaoozesha mbao. Cha saba kilikuwa na maji matupu, cha kulinganishia. Mtafiti alitia kila kimoja tone la ile rangi inayong'aa kijani ikikutana na chembe kali za oksijeni, akafunga mapazia, akawasha taa ya buluu. Vyote saba vikang'aa. Moyo ukampasuka.

Miaka miwili alikuwa akishikilia kwamba kuvu wake hutoa chembe hizo ili kuilainisha mbao kabla ya kuila, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kuthibitisha. Sasa maji matupu nayo yanang'aa, tena kuliko hayo mengine! Kama rangi inawaka yenyewe tu, basi hana ushahidi wowote, na saa nane profesa angekuja kuamua kama kazi iendelee au ifutwe. Mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa akalia kama kanyang'anywa pipi.

Aliyemkuta hapo ni mwosha vyombo wa maabara, ambaye wote walimwita Shangazi. Shangazi hakuuliza maswali. Alimletea chai kwanza. Mtafiti alipomweleza kwa mkato, Shangazi akashangaa kweli kweli, maana hicho cha saba ndicho alichokihangaikia kuliko vyote.

"Ulikihangaikia vipi, Shangazi?"

"Si juzi profesa alinisomea maagizo kwamba cha maji matupu kisiwe na uchafu hata kidogo? Hivyo sita nimesugua kwa sabuni, nikasuuza. Hicho nimekiloweka kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Wala sikukisuuza, maji ya bomba yasije yakakichafua tena."

Mtafiti akaweka kikombe chini. Dawa ile huiwasha rangi yake vilevile kama chembe za kuvu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo, ila nani alikuwa amemwambia Shangazi? Si profesa, na si yeye. Aliona haya kidogo. Kisha akachomoa kichupa kipya kwenye boksi, akatia maji na tone la rangi, akakipanga pamoja na vile sita na kuwasha taa.

Sita viling'aa. Cha saba kilikaa cheusi tii.

Mabega yalimshuka, pumzi ikamtoka ndefu, na machozi yakaanza upya. Shangazi alipoyaona alishika kifua, akauliza kwa sauti ndogo kama amekiharibu tena.

"Hujaharibu kitu," mtafiti alisema, akimkumbatia na aproni yake mbichi. "Giza hilo, Shangazi, ndilo limeniokoa."