Barabara Inayoshuka Ziwani

Chumba cha mikutano cha maktaba kilikuwa na feni moja iliyozunguka kwa kujilazimisha, na chini yake walikaa majaji watatu. Mwalimu alichagua kiti cha dirishani ili apate mwanga. Alikuwa amestaafu, lakini kalamu yake nyekundu haikustaafu. Ilipita juu ya makosa ya watu kama kisu kinachoparua magamba ya samaki. Mbele yake alikaa Mhariri, mzee wa gazeti, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, ambaye kila siku alitafuta ya tatu. Kati yao alikaa kijana mtanashati, Afisa Uhusiano wa Shirika lililojenga bwawa. Shirika ndilo lililotoa zawadi za shindano, picha za shindano, na maji ya kunywa ya majaji.

Masharti yalikuwa rahisi. Mshiriki achague picha moja kati ya nne zilizotundikwa ukutani na kuchapishwa gazetini, kisha aandike hadithi fupi ya ajabu. Picha ya kwanza ilikuwa ya paka aliyevaa taji. Ya pili, mti wenye madirisha. Ya tatu, treni ikipita juu ya mawingu. Ya nne ilikuwa ya ziwa la bwawa lenyewe: maji ya kijivu, anga ya kijivu, na barabara ya vumbi iliyoshuka taratibu hadi majini ikapotea. Hapakuwa na mtu.

"Hadithi za paka ni nyingi kuliko paka wenyewe," Mhariri alilalamika. "Na wote mwishoni wanaamka, kumbe ilikuwa ndoto."

"Anayeamka mwishoni hapati zaidi ya nusu," alisema Mwalimu.

Hadithi za ziwa zilichelewa kusomwa kwa sababu zilikuwa zimelowa. Mfagizi wa maktaba alizileta ndani ya ndoo.

"Mwalimu, hizi niziweke wapi? Zimelowesha kabati zima."

"Zianike."

Wakafunga kamba kutoka kwenye dirisha hadi kwenye msumari wa kalenda, wakazibana karatasi kwa vibanio vya nguo. Walizisoma wakiwa wamesimama, shingo juu, kama watu wanaosoma matangazo ya kazi. Wino haukuwa umechuja hata herufi moja. Karatasi zilinuka tope la chini kabisa, lile ambalo halijawahi kuona jua, na kutoka kwenye mojawapo akadondoka samaki wa ukubwa wa kidole. Mfagizi alimtia kwenye glasi ya Afisa, ambaye alishukuru na kuomba glasi nyingine.

Hadithi hizo zilitoka miji tofauti, kwa miandiko tofauti. Mmoja alitia jini, mwingine alitia kuku wanaosema. Lakini zote zilisimulia jambo moja. Palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na kijiji kilichotakiwa kuhama. Lori liliwachukua wa kwanza, na dereva akawaahidi waliobaki kwamba atawarudia siku ileile. Wakafunga mizigo, wakatoka, wakaikalia kando ya barabara. Basi siku hiyo mgeni rasmi aliwahi kufika bwawani, na mgeni rasmi hangojeshwi. Utepe ukakatwa, milango ya bwawa ikafungwa, bendi ikapiga. Mto ulikuwa umefura kwa mvua. Maji yakachukua daraja kwanza, kisha barabara, kisha waliokaa kando ya barabara. Lori halikurudi.

Na katika kila hadithi alikuwepo mwanamke mmoja aliyekataa kutoka mpaka afagie nyumba yake. Wenzake wakamwita, mama wee, nyumba inakwenda kuzama, unamfagilia nani? Akajibu, "Hata kama mgeni ni maji, ni mgeni. Siwezi kumwachia nyumba chafu." Alipomaliza aliegemeza ufagio ukutani, akaja kukaa juu ya furushi lake. Watu walipoanza kuingiwa na hofu, yeye ndiye aliyewatuliza. "Msihangaike. Dada yangu ni mwalimu. Asipotuona atatuulizia."

Mwalimu aliisoma sentensi hiyo kwenye karatasi ya kwanza, akaisoma kwenye ya pili, akaisoma kwenye ya tatu. Hakuna aliyeikosea hata nukta. Kalamu ikabaki imesimama hewani.

Mdogo wake Mwalimu, kitindamimba wa kwao, aliolewa bonde lile. Tangu utoto alikuwa mtu wa ufagio. Alifagia ua hata mvua ikinyesha, mama yao akicheka kwamba huyu atakuja kufagia mto. Baada ya bwawa kujaa, Mwalimu alikwenda kumwulizia kwenye dirisha la Shirika. Karani alimwambia wote wamehamishiwa ng'ambo ya ziwa na kupewa viwanja. Mwalimu akashukuru, akaondoka, akangoja kuitwa na mdogo wake. Hakuitwa. Akakumbuka maneno makali waliyoambiana kabla ya harusi, akajua mdogo wake amenuna. Naye akanuna. Miaka yote hiyo alikuwa amemnunia.

Aliinua macho kwenye picha ya nne. Kando ya barabara, pale inapoingia majini, watu walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao. Walikuwa wadogo kama punje za mchele, na nguo zao ziliwaganda mwilini.

"Mhariri, hawa jana walikuwepo?"

Mhariri alishusha miwani ya kichwani. "Jana walikuwa wachache, na maji yaliwafika kifuani. Naona wanazidi kupanda."

"Gazeti lenu liliandika wote walihama."

"Tuliandika. Picha ya lori tuliitoa ukurasa wa mbele."

"Likienda au likirudi?"

"Picha haioneshi hilo," alisema Mhariri, akaanza kufuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Mwalimu akamgeukia Afisa. Kijana yule alikuwa na adabu zake. Kila asubuhi alimwamkia shikamoo kwa kuinama, na kiti cha Mwalimu alikuwa amekiwekea mto wa kukalia.

"Mwanangu, hawa mnawajua?"

"Ndiyo, Mwalimu. Huwa wanakuja kila tunapoitundika. Zamani picha ilikuwa mapokezi ofisini kwetu, tukaiondoa kwa sababu ya zulia."

"Kwa hiyo Shirika linajua."

"Shirika linajua sana, Mwalimu. Ndiyo maana tunafadhili hadithi."

Alisema hivyo bila kejeli, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo. Kisha akauliza wamefikia wapi na alama.

Mwalimu hakula mchana ule. Alisimama chini ya kamba, matone yakimwangukia begani, akachagua hadithi iliyosema mambo yote waziwazi, bila jini wala kuku. Akaipa alama zote. Aliwaza kwamba hadithi ya mshindi husomwa mbele ya halaiki. Neno likishatoka mbele ya watu wengi namna ile, nani ataweza kulirudisha? Alijiandaa kubishana. Alikuwa tayari kugonga meza.

Hakukuwa na ubishi. Mhariri aliitia alama zote bila kumtazama mtu. Afisa naye akageuza karatasi yake ili waione: lugha, zote, muundo, zote, ubunifu, zote.

"Hasa ubunifu," alisema Afisa. "Mkurugenzi atafurahi."

Siku ya kutoa zawadi ukumbi ulijaa. Picha nne zilipandishwa jukwaani, na chini ya ile ya nne Mfagizi aliweka beseni. Watu wa pichani sasa walikuwa wakubwa kiasi cha kutambulika. Mwalimu alimwona mdogo wake bila kutafuta sana. Hakuwa amezeeka. Alikuwa amekaa juu ya furushi, kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kazini, uso ameuelekeza juu, barabara inakotokea.

Mshindi alikuwa fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye haya, ambaye hajawahi kufika bwawani. Aliulizwa wazo alilipata wapi. Akasema aliiangalia picha gazetini, akaandika alichokiona, na alitaka kujua kama kuna mtu wa kumlipia gazeti lililooza. Watu wakacheka kwa upendo. Kisha akaisoma hadithi yake yote kwa kipaza sauti, polepole, na alipofika kwenye sentensi ya dada mwalimu, matone ya kwenye beseni yalisikika hadi nyuma ya ukumbi.

Mwalimu aliitwa atoe maoni ya majaji. Maoni yalikuwa yamechapwa. Aliyakunja akayaweka chini.

"Hii si hadithi ya kubuni," alisema. "Ni kweli tupu. Watu hawa waliachwa. Yule pale mwenye kitenge ni mdogo wangu wa tumbo moja, na mimi ndiye dada anayemsema."

Ukumbi mzima ukasimama kwa makofi. Walikuwa wamewahi kusikia majaji wakisifu, lakini hawakuwahi kusikia sifa kubwa namna ile. Mkurugenzi wa Shirika, aliyekuwa mgeni rasmi, alipiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa. Mama mmoja wa mstari wa mbele alifuta machozi, akamwambia jirani yake, "Umeona? Hadithi nzuri inakufanya uamini."

"Nasema ni kweli," Mwalimu alirudia, na makofi yakaongezeka.

Zawadi zikatolewa. Mkurugenzi alikuwa na safari, akaondoka mapema, na nje gari lake kubwa likawashwa. Mngurumo ule uliingia hadi jukwaani. Pichani watu wakanyanyuka wote kwa pamoja. Wakafunga vizuri kamba za mizigo, wakawashika watoto mikono, wakajipanga kando ya barabara wakichungulia juu. Mdogo wake Mwalimu alijitwika furushi, akajipangusa tope la magotini. Gari liliunguruma kidogo pale nje, likaondoka, likapotea. Walingoja bado wamesimama. Kisha mmoja akakaa, na mwingine, na mwingine, na yeye akawa wa mwisho kutua furushi lake.

Mwalimu alikuwa amesogea hadi kwenye beseni. Alimwita kwa jina la utotoni, kwa sauti ya chini. Mdogo wake aligeuza kichwa kidogo kama mtu aliyesikia kitu mbali, kisha akaurudisha uso barabarani.

Afisa alikuja na turubai la kufungia picha. Alingoja kwa heshima mpaka Mwalimu akapangusa miwani yake ya kusomea.

"Mwalimu, mwakani tunaomba utuhukumie tena. Mkurugenzi amekupenda sana."

"Picha zitakuwa zipi?"

"Paka tutamtoa, wamezidi. Hii ya ziwa itabaki. Ndiyo inayotoa washindi."

Mwalimu alitazama turubai likifunikwa juu ya barabara, juu ya mizigo, juu ya kitenge. Akasema atakuja.