Simu Yenye Homa

Jioni, akishaanua dagaa na kunawa harufu yao mikononi kwa limao, Leonia alikuwa akimpigia mumewe simu, kisha haongei. Yona naye, huko Kirando, mbali kusini mwa ziwa, alikokwenda kuunda maboti, alikuwa akipokea, anasema "Leonia," mkewe anaitika "Abee," basi. Simu inaachwa wazi. Huku Katonga Leonia anapika, anafagia, anakunja nguo. Kule Yona anapiga nyundo, anakohoa, anapuliza vumbi la mbao. Nyuma ya nyundo yalisikika maji ya ziwa yakigusa mchanga wa kule, na Leonia akitega sikio dirishani aliyasikia maji hayohayo yakigusa mchanga wa huku. Akifumba macho hakujua tena yapi ni ya wapi. Ilikuwa kana kwamba nyumba yao imerefuka tu, jiko limebaki Katonga na kibaraza kimefika Kirando, na mume wake ameketi kibarazani.

Yalikuwa mapenzi au wazimu? Atakayesema mapenzi asibishiwe, na atakayesema wazimu asibishiwe vilevile.

Mtoto wao Marcelina alikufa kwa homa kabla hajafikisha mwaka. Yona ni fundi wa mbao, na hakukubali mwingine yeyote aguse kazi ile. Aliunda sanduku la kumzikia mwenyewe, uani kwake, kwa mvule aliokuwa ameuweka kwa ajili ya boti. Matanga yalipoanuliwa akasema ameitwa Kirando kuunda boti moja tu. Boti moja ikazaa ya pili, ya pili ikazaa ya tatu, mvua zikakatika na zikarudi, Yona bado yuko Kirando. Zamani alikuwa akimwita mkewe Mama Marcelina, kama desturi ilivyo. Sasa alimwita Leonia, kama walipokuwa wachumba, na jina la mtoto halikutajwa tena na yeyote kati yao. Leonia alitaka kitu kimoja tu duniani, mumewe arudi nyumbani, na hicho kimoja ndicho alichoogopa kukiuliza. Je, akiuliza na jibu likawa hapana? Heri kutouliza. Akaishikilia simu.

Na aliishikilia kwelikweli. Kwao mgeni haondoki na njaa, na simu ile aliihesabu mgeni wa heshima, kwa hiyo ilikuwa haitoki kwenye chaji mpaka isome mia. Ilivaa kava nene la plastiki, na juu ya kava Leonia aliifunga kishali cha sufi kilichokuwa cha Marcelina, isiingie moshi. Jioni ilikaa kwenye kigoda karibu na jiko, chaja imechomekwa, spika imefunguliwa, ili mama mkwe naye apate kumsikia mwanawe. Usiku ililala chini ya mto wa Leonia, bado inakula umeme, mpaka jogoo. Mchana ilikuwa juani juu ya kichanja, katikati ya dagaa, ikingoja wateja wa mjini wapige. Kama kuna namna nyingine ya kuitesa simu, Leonia alikuwa hajaijua tu.

Mama mkwe, Bi Veneranda, alikuwa hana habari na mambo ya simu. Yeye aliijua nyundo ya mwanawe.

"Huo mvule," atasema, huku akichambua maharage. "Na ni mbichi. Sikia msumari unavyolalamika."

"Ego, ndiyo mama," Leonia anaitika, na wote wawili wanasikiliza msumari.

Kisha simu ikaanza kuugua. Kwanza ilichemka hata ikawa haishikiki. Halafu ikaanza kuzimika ghafla, inasoma arobaini, mara giza. Mgongo wake ukainuka kidogo, kava likakataa kukaa sawa, na Leonia akalifunga kwa mpira wa nywele. Jioni moja Yona alikuwa katikati ya kikohozi chake simu ilipokatika. Leonia akajua amekata mwenyewe. Akajua amechoka na mwanamke asiyesema kitu, na kwamba hivi ndivyo mume anavyoondoka, katikati ya kikohozi, bila kwaheri. Alikaa pale mpaka ugali ukaungua chini na Bi Veneranda akaja kuutoa mwenyewe. Simu ilipokubali kuwaka ilimwonyesha kwamba Yona alipiga na kupiga tena. Machozi yalimtoka, na hakujali kama mama mkwe anamwona.

Siku zile zilikuwa za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawatoki, maana dagaa hawaifuati taa wakati ziwa zima linang'aa, na vichanja vya Katonga vinabaki vitupu, mtu akipita anaiona milima ya Kongo ikielea ng'ambo bila miguu. Leonia hakuwa na la kufanya. Akapanda bodaboda mpaka Gungu, kwa Mélanie fundi simu.

Mélanie alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia Gungu hapohapo, na kibanda chake ni kidogo hivi kwamba mteja akiingia fundi hana pa kuweka magoti. Aliipokea simu, akafungua kishali, akafungua mpira, akafungua kava, akashusha pumzi.

"Yoo! Dada wangu, hii simu ina homa."

Leonia akasogea aione.

"Betri imevimba. Ona." Aliitoa taratibu, akailaza kwenye kopo lenye mchanga lililokuwa miguuni pake. "Hiyo haitobolewi, haibonyezwi, inaweza kuwaka moto. Ulikuwa unalala nayo?"

"Chini ya mto."

"Kwenye chaji?"

"Kwenye chaji."

"Mungu anakupenda, nyumba haikuungua. Na hiki kishali?"

"Ni... isiingie moshi."

"Umeifunika kama mtoto," Mélanie akasema, naye hakuwa na ubaya. "Simu haiogopi baridi, dada, inaogopa joto. Ikiwa inakula umeme inachemka. Ukiongea nayo inachemka. Ukifanya yote mawili, halafu ukaivika kava na sufi na kuiweka jikoni, hilo joto litokee wapi? Linabaki ndani linaila betri."

Leonia alikuwa amekishika kile kishali mikononi. Alikumbuka usiku wa homa, namna alivyokuwa akimfunika mtoto kwa kishali hikihiki, na nesi alivyokuja kumfunua.

Mélanie akatafuta kwenye kasha, akatoa betri nyembamba. "Ya namna yako nimebakiwa na hii tu, simu zenyewe hazitengenezwi tena. Kwa hiyo uilee. Ikifika themanini hivi, chomoa, imeshiba hiyo. Mia siku mojamoja, siyo kila siku. Ikishuka ishirini ichomeke, usiingoje izime. Isilale kwenye chaji. Toa kava ikiwa inakula, iweke penye kivuli na upepo. Na ikiwa inakula, iache ile. Ikimaliza, chomoa, ndiyo muongee."

"Hata kama hatusemi neno? Iko wazi tu, kila mtu na kazi zake?"

"Hamuongei?"

"Hatuongei."

Mélanie akaacha bisibisi. "Sasa simu ya nini?"

Leonia alicheka, kicheko kilichomshangaza mwenyewe, halafu akainamisha kichwa. Lilikuwa swali la haki.

Alirudi nyumbani na sheria mpya. Kishali alikifua, akakianika, akakikunja, akakiweka kabatini pamoja na nguo nyingine za mtoto. Kava alilitupa. Simu ilichajiwa alasiri dirishani, uchi, upande usio na jua, na ilipokaribia themanini aliichomoa. Lakini simu ya zamani ni ya zamani hata ukiipa moyo mpya, na mtandao wa Kirando unavutwa kwa shida. Laini ikikaa wazi, muda si mrefu betri inakuwa imeshuka mpaka ishirini.

Jioni ya kwanza walifanya kama siku zote. Nyundo, kikohozi, maji. Leonia akaitazama namba ikishuka na akasema, "Inabidi niiache ipumzike."

"Tayari?" Yona akauliza.

Neno lile lilimkaa Leonia mpaka akalala. Simu ilikuwa chumba cha pili, mezani, imezimwa, na kwa mara ya kwanza tangu Yona aondoke hapakuwa na kitu chini ya mto wake. Aliota anatembea ziwani, maji yanamfika kifundo cha mguu tu, na kila akikanyaga anasikia mtu anapumua. Hakuogopa. Alitembea mpaka kulipokucha, na miguu haikuchoka.

Jioni iliyofuata Yona alikuwa ameweka nyundo chini kabla hajapokea. Hata yeye aliona kwamba kitu chenye mwisho hakichezewi. Alimwambia habari ya boti, jinsi walivyoikalafati, kuziba nyufa za mbao kwa pamba na mawese. Leonia alimwambia habari ya mwezi na vichanja vitupu. Jioni nyingine waliongea habari ya mama, goti lake, ubishi wake. Walikuwa wanalizunguka jambo, na kila mmoja alijua mwenzake analizunguka. Kila ilipofika ishirini waliagana, na Leonia akawa anakaa gizani ufukweni akiwa na maneno mdomoni yaliyokosa kutoka. Alikasirika. Alimkasirikia Mélanie, akaikasirikia betri, kisha akajikasirikia mwenyewe, na hapo ndipo akapata ujasiri.

"Yona," alisema kesho yake, simu ilipopokelewa tu. "Kwa nini hurudi?"

Kule Kirando yalisikika maji tu.

"Unanichukia?" akauliza.

"Hapana. Jamani, Leonia, hapana." Akakohoa. "Ni ule ua."

"Ua wetu?"

"Nilipolitengenezea lile sanduku." Sauti yake ilikuwa inatoka mbali kuliko Kirando. "Sikumpima. Mimi fundi, maisha yangu yote sijakata ubao bila kupima, lakini yule sikuweza kumwekea futi. Nilikisia. Nikalifanya kubwa. Nililiona wakati nalibeba. Na njiani, kwenye ule mteremko, nilimsikia, Leonia. Nilimsikia anateleza mle ndani. Anagonga mbao. Mtoto wangu. Nikaendelea kutembea kwa sababu watu walikuwa wanaimba. Sasa kila nikiukumbuka ule ua nasikia vile. Huku napiga nyundo nisisikie."

Leonia alikuwa amesimama. Hakujua alisimama saa ngapi.

"Hukumsikia," alisema.

"Nilimsikia."

"Yona, nisikilize. Hukumsikia. Wewe ulikuwa nje na wanaume. Sisi tulimlaza, mimi na mama. Mimi niliona ni kubwa. Nikaenda chumbani nikachukua kanga zangu za harusi, doti zima, hazijawahi kuvaliwa zaidi ya siku ile. Moja nikamtandikia, nyingine nikaikunja nikamzungushia, kichwani, ubavuni, miguuni. Nilibana kila upande kwa mikono yangu. Palikuwa hapana nafasi ya kuteleza, hata ungelipindua. Ulichosikia ni mbao zako mbichi, zinalia jua likizipiga. Mtoto hakusogea. Alikuwa amelala ndani ya kanga zangu."

Kisha Leonia akamsikia mumewe akilia, kwa sauti, bila kujificha, na kule nyuma mtu mwingine akimuuliza kama ameumia. Leonia naye alikuwa analia. Alitazama namba kwa macho yenye maji na ilikuwa imeshapita ishirini, iko kumi na tano, na hakukata. Kumi na mbili. Kama betri itakufa, na ife.

"Mbona hukuniambia?" Yona akasema mwishowe.

"Hukuuliza. Nami sikujua unabeba nini."

"Inasoma ngapi?"

"Kumi."

"Kata," akasema, na sauti yake ilikuwa imekaribia. "Kata, mke wangu, isife. Meli ikipita wiki hii nitapanda. Mengine utaniambia hapo uani, nikiwa nimekaa."

Leonia akakata. Alibaki ameishika simu kifuani, yenye joto kidogo, hadi joto lile likaisha. Nje mwezi ulikuwa unatoka juu ya paa, na maji yalikuwa ya Katonga peke yake, yanafika, yanarudi.

Bi Veneranda alikuwa mlangoni na ungo wake wa maharage. Alikuwa amesikia yote.

"Anakuja," Leonia akamwambia.

"Nimesikia." Mama mkwe akaja akaketi, akauweka ungo chini. "Unajua, siku ile nilikuona unatoa zile kanga, nikasema moyoni, huyu anazika nguo nzuri. Nilikuwa sijakwambia."

"Uliona nakosea, mama?"

Bi Veneranda akauchukua mkono wake, akauweka pajani mwake mwenyewe.

"Hapana, mwanangu. Yule mtoto alikuwa anapenda kubanwa. Bila kubanwa alikuwa halali."