Damu Isiyoshikana

Galgalo alikuwa na kiburi cha kumtosha yeye na ng'ombe wake wote, na siku ile pale zahanati ya Garsen kilimpanda mpaka utosini.

Mkewe Batula ndiye aliyemburuta hadi pale. Mwana wao Molu alikuwa ameng'oka jino, fizi ikavuja tangu asubuhi hadi ng'ombe wakarudi zizini, na alipoamka kesho yake shuka ilikuwa imelowa damu. Batula alitaka kujua jambo moja tu: mtoto huyu akitahiriwa pamoja na wenzake, atapona?

Abdulsalam, dresa aliyefunga vidonda na kutibu wagonjwa pale, mtu wa Kipini, alichukua damu ya baba na ya mwana, akaitia katika vichupa viwili vya kioo, wakasubiri. Ya Galgalo iliganda kama ini. Ya Molu ilibaki maji, ukiinamisha kichupa inakimbia huku na huku.

"Mzee, nisikize," Abdulsalam akasema. "Katika damu mna protini. Mtu akikatwa zinakamatana, hii na mwenziwe, na mwenziwe, hata ziwe wavu, damu isimame. Mwanao hana protini hizo. Kisu kisimguse."

Galgalo akacheka. Utotoni, kabla babu yake hajasilimu, alikuwa akimtazama akikinga damu ya fahali na kuikoroga kwa kijiti, anazinasa nyuzi zinazojifunga damu ikiganda na kuzitupa, kwa sababu damu yenye nyuzi imeharibika, hainyweki. Nzuri ni ile inayotiririka. Kuinywa waliacha, dini imekataza, lakini jicho la babu lilibaki kwa mjukuu, na ndilo lililomponza.

"Kijana yangu damu yake safi," akajibu kwa Kiswahili chake cha kivukoni. "Mungu mwenyewe ameshakoroga. Mbovu ni hii yangu!"

Njia nzima Batula alimsihi. "Baba Molu, nakuomba. Mwache."

"Ili watu waseme nimezaa mwoga? Funga mdomo, la sivyo utarudi kwenu."

Basi siku ikafika. Galgalo alizunguka kutoka mtu hadi mtu akiwahadithia kuhusu damu safi ya mwanawe, na watu, kwa adabu, wakaitikia. Jaldesa ngariba akawakata watoto mmoja mmoja na kuwapaka majivu, damu zao zikakauka. Molu naye hakulia. Baba yake alimsifu kwa sauti iliyofika malishoni.

Majivu ya Molu yakalowa. Wakaongeza mengine, yakalowa. Wakafunga kitambaa, kikalowa, wakafunga kingine. Jaldesa akafuta kisu chake na kuondoka bila kuaga, maana hakuwa mjinga.

"Baba, nasikia baridi," Molu akasema, na jua lilikuwa la kuchoma mgongo.

Galgalo akapiga magoti, akaubana mkono wake juu ya kidonda. Damu ikapita katikati ya vidole. Hapo kiburi chote kilimwisha, akaanza kuibembeleza mbele ya wale wale aliowaringia: "Ganda! Ganda, nakusihi!" Mtoto akakata roho akiwa amelaza kichwa kwenye paja lake, na damu iliendelea kutoka kidogo hata baada ya hapo.

Batula alikuja akachuchumaa. Aliushika mkono wa mumewe, akakifungua kiganja, akakigeuza juani, damu ikachuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Safi, Baba Molu," akamwambia. "Tazama mwenyewe. Haina hata uzi mmoja."